Majina ya Penseli

Orodha ya halmashauri imekuja na majina mia moja ishirini na sita.
Nimeyanakili yote kwa penseli.
Anayeripoti, nampitishia wino.
Ndivyo alivyonifundisha marehemu Mwalimu Nnunduma,
aliyesema wino hauna msamaha.

Wiki ya kwanza, wino arobaini na mbili.
Wiki ya pili mvua imeshika, njia ya Kitangari haipitiki,
wino sitini na moja.

Likwata, Issa. Yupo.
Suruali ya kaka yake, mkanda wa katani.
Chinguile, Abilahi. Kimya.
Yuko ghalani, mwalimu, anashona magunia.
Nampembe, Fatu. Kimya,
kisha kicheko kule nyuma,
kicheko ninachokijua, kwa hiyo sikuuliza.

Juzi afisa elimu alipiga simu.
Anataka asilimia. Nikampa asilimia.
Akauliza na yale matokeo: sifuri hamsini na tatu,
hisabati amepita mmoja, naye kwa D,
tatizo hasa ni nini?
Nikatazama ratiba ukutani.
Mwalimu wa hisabati ni mimi.
Wa fizikia pia ni mimi, tangu yule kijana wa kujitolea aondoke
na begi lake, na deni la sukari kwa Mama Siwema.
Nikasema: ni changamoto, mheshimiwa, tunazifanyia kazi.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Mchopa, Somoe.
Amesimama mlangoni na ndoo, jembe, fagio la chelewa.
Mama yake nyuma, hataki kuketi.

"Nilimwambia aandike makosa," mama akasema,
taratibu, kama anayetaja bei.
"Nilimwambia, ukifaulu sare nitaitoa wapi?
Korosho tumepeleka, stakabadhi ninayo, hela sijaiona.
Andika makosa, mwanangu, yaishe."

Nikamgeukia mtoto.
Akavitazama vidole vyake vya miguu.
"Kiswahili niliandika makosa.
Maarifa ya jamii niliandika makosa.
Hesabu nilijaribu, mwalimu.
Saba mara nane, nikasiliba hamsini na nne.
Nikaitazama.
Nikaifuta."

Akanyamaza.
"Na zile nyingine?"
"Zile nyingine sikujaribu tena."

Mama akacheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.
Nikamwambia aje na sare ya msingi, mpaka Pasaka,
ingawa mkuu wa shule hajasema hivyo,
na Pasaka si mbali.

Nikampitishia wino. Wa sabini na mbili.
Nikatoa, kwa mazoea ya kazi:
zimebaki penseli hamsini na nne.

Jibu la makosa.

Mwisho wa Machi natakiwa kuyafuta yaliyobaki
na kutuma idadi safi wilayani.
Kifutio kipo hapa mezani, karibu na chaki.
Nilikinunua mwaka juzi.
Hakijapungua.