Kiza cha Mtopanga

Ardhi ya Mtopanga ni matumbawe matupu;
fimbo ya shaba ilizama dhiraa moja, ikagoma.
Nikaimwagia ndoo ya maji, nikagonga tena.

Jenereta la kukodi languruma nyuma ya hema la harusi.
Nikaunga balbu, waya wa moto hadi wa ardhi:
haikuwaka. Swichi ya kinga yanikodolea macho tu.
Nyutro yaelea, haina kwao.

Nikaifunga kwenye fremu, nikarudia.
Tap!
Hema zima kiza,
kinanda kimekatika katikati ya neno.

"Wataka kutuaibisha, Mbwarali?"
Bi Mwanatumu huyo, mwiko wa biriani hewani.

Sikumjibu.
Mjukuu wake alikuwa amekalia kebo iliyolowa,
akimung'unya sambusa.