Chale Tatu

Karani, weka kalamu,
koo langu lina hamu
ya maji, tena ya humu
kwenye mtungi wa ndani.

Umeandika: mmoja
mwaminifu. Na kwa hoja
ya waasi, sita. Ngoja:
wote wa kwetu nyumbani.

Huyo wako mwaminifu,
mdogo wangu, mrefu,
hakupenda kitu chafu:
Thoya wa Baya, jamani.

Alikwenda kwa rupia
tatu, kodi kulipia
ya mama; nikamwambia:
hiyo fulana ni deni.

Na mume wangu Mwaringa
kiapo alijifunga,
mishale akaichonga
nikimwangazia kuni.

Kila uti, chale tatu,
alama ya nyumba yetu,
tujue nyama ya kwetu
ikianguka porini.

Vita vyenyewe vidogo:
Sabaki, palipo gogo,
hata hapakuwa zogo,
bado umande majani.

Toka boma la Malindi
walikuja kumi, kundi
la fulana; hajipindi
Thoya, kamba mabegani.

Walikuja kuwashika
vijana wa kujitwika
mizigo, kuipeleka —
vita vya nani na nani?

Wale ndani ya mtama
walilala, wakahema,
na ndege waliohama
wakawataja angani.

Bunduki zikaalika,
mtama ukakatika,
nami uji ninapika,
ukaungua chunguni.

Sita wakalala pale:
Kitsao, Yeri, na yule
mcheshi mwenye kelele,
hakosekani ngomani.

Nilimkuta wa saba,
fulana imemkaba,
uso kama ameshiba,
miguu imo majini.

Mshale nikauvuta,
damu yake nikafuta,
vidole vikazipata
chale tatu za utini.

Moja. Mbili. Nikarudi
mwanzo. Tatu. Haizidi.
Macho nikayakaidi;
kidole si cha utani.

Saba tuliwachimbia
shimo moja, tukatia
mchanga; ikabakia
fulana yake mtini.

Usiku kaja Mwaringa,
bega lake kalifunga
kwa kaniki; nikasonga
sima, tukala gizani.

Hakuuliza wa kwetu
nani kafa. Nami katu
sikulitamka "tatu".
Moto ukafa mekoni.

Uko ndani ya makuti,
juu yetu, katikati;
kukivuma hauketi,
hukwaruza sikioni.

Karani, nimeyameza
pamoja na maji. Kaza
kalamu yako; uliza
tena: "Mshale wa nani?"

Andika kuwa sijui.
Mishale haitambui
mwanamke. Hachagui
ila vijiti vya kuni.