Unyoya

Saa kumi na mbili na robo, Kandete.
Nina unyoya wa jogoo wa Subilaga,
naingia shambani kufanya kazi ya nyuki.

Ua la boga halingoji mtu.
Linafunguka alfajiri, manjano ya kuumiza macho,
saa nne limekunja midomo, basi.
Zamani ukungu ulishuka kutoka Rungwe
ukalala bondeni mpaka jua lipande,
na ua lilisubiri nao. Lilijua mgeni wake
hatoki mzingani mabawa yakiwa mabichi.
Walikuwa na ahadi yao, hao wawili,
haikupelekwa kwa mtendaji kupigwa muhuri.

Siku hizi ukungu ni wa kubahatisha.
Joto limetangulia, maua yametangulia nalo
kama wageni waliokosea tarehe ya harusi.
Ng'ambo ya mto, kwenye maparachichi ya kampuni,
wanapuliza dawa mapema
kwa sababu saa hiyo upepo umelala.
Upepo umelala. Nyuki ameamka.

Mizinga sita ya mjomba Ambokile:
miwili ina siafu,
mmoja una nyuki,
mitatu imebaki na harufu tu.

Nagusa dume, nagusa jike.
Dume, jike. Kiuno kinalia.
Chavua imeng'ang'ania mkono wa sweta
kama unga wa mashineni.

Nilipokuwa mdogo nilimpiga mmoja kwa kandambili,
nikijua ni mwizi.
Mama hakunifokea. Alinionyesha sufuria,
boga la jana, limebaki la kukwangua,
akasema: mpishi wake ndiye huyo uliyemuua.

Arobaini na moja leo.
Vingine vitashika. Vingine
vitabaki ukubwa wa gololi, vitalainika,
vitadondoka bila kuniaga.
Unyoya hauna njaa, ndiyo shida yake.
Haurudi nyumbani kucheza mbele ya wenzake
kuwaambia: kule, nyuma ya kilima, kumejaa.

Saa mbili kasoro anakuja mmoja.
Mdogo, peke yake, anaruka upande upande.
Anazunguka ua nililokwisha kuligusa,
anasita mlangoni, kama fundi
aliyekuta ukuta umeshapigwa lipu na mwanagenzi.
Halafu anaingia hivyo hivyo.

Nimesimama kwenye umande.
Unyoya nimeuficha mgongoni,
sijui haya hizi zimetoka wapi.