Namba za Ubavuni

Zima injini, Kiplimo. Hapa Kirinyaga Road
kelele tunazo za kutosha.
Sogea, niingize vidole chini ya madigadi
nione vingapi vinapita kati ya bati na raba.
Nyuma, viwili na nusu.
Mbele viwili tu, tena usukani ukiwa umenyooka.

Unataka mia mbili sabini na tano kwa arobaini nyuma
kwa sababu uliona Mark X kama yako
imeegeshwa Ngong Road, imechuchumaa
kama mtu anayetaka kuruka.
Hukumuuliza mwenyewe kama huwa anaruka.
Hukuona bati lake linavyolia akibeba abiria watatu.

Sikiliza. Gari hili husukumwa kutoka nyuma.
Mbele kuna karani, nyuma kuna mpagazi.
Mpagazi tunampa mabega mapana,
karani tunamwachia kalamu nyembamba.
Ila ukimnenepesha mpagazi kupita kiasi
karani hasikilizwi:
unakata kulia, pua inasema ngoja kidogo,
na mtaro wa Limuru Road hauna kungoja.
Na mvua ya Aprili, tairi pana hazikanyagi maji,
zinaogelea.

Nipe chaki. Nitaandika hapa kwenye mlango wa bati.
Mbele, mia mbili ishirini na tano, ubavu asilimia arobaini:
tisini.
Nyuma, mia mbili hamsini na tano, asilimia thelathini na tano:
themanini na tisa na robo.
Tofauti ni robo tatu ya milimita.
Ukucha wa mtoto. Breki zitaisamehe.
Hiyo yako ya nyuma inafika mia na kumi,
na gari litadhani kila siku kuna gurudumu linaloteleza,
taa ya njano itakukodolea macho
kama mtu unayemdai anayekudai.

Rimu zote inchi kumi na nane, ndiyo.
Ofseti tutaipima kwa kamba, si kwa picha ya simu.

Unacheka? Tazama miguu yangu.
Kuna mwaka jeki iliteleza
na lori la mkaa likakaa juu ya mguu wangu wa kulia.
Tangu hapo kushoto navaa thelathini na tisa,
kulia arobaini na moja.
Gikomba wananiita Mutheu wa Pea Mbili.
Nanunua viatu vinne nivae viwili,
na soli ya kulia ikilika
siwezi kuivalisha kushoto ipumzike.
Wewe pia, kuanzia leo,
huwezi kuhamisha za mbele ziende nyuma
zizeeke pamoja.
Za nyuma zitaisha mapema, zitaisha zenyewe,
na zitakudai pesa mwezi usioutarajia.

Na tairi ya akiba?
Ukipasukiwa Southern Bypass saa tano usiku,
hiyo moja iliyo kwenye buti ni ya karani au ya mpagazi?

Umenyamaza. Vizuri. Wengi hujibu haraka.

Basi niulize lile unaloona haya kuuliza.
Kama unataka tu lipendeze?
Kupendeza si kosa, kijana wangu.
Mimi hupaka kucha rangi nyekundu
halafu navaa glavu juu yake mpaka jioni.
Lakini nazipaka vidole vyote kumi, na zinakaa,
kwa sababu sikuzirefusha zikanizuia kushika spana.

Haya. Mia mbili hamsini na tano, nimezifunga.
Upepo nimeacha pauni thelathini na tatu mbele, thelathini na tano nyuma.
Nenda polepole mpaka lile tuta la kona,
kata kushoto kabisa, kisha kulia kabisa,
dirisha likiwa wazi, redio imezimwa.
Ukisikia kitu kinakwaruza, rudi.

Usiposikia kitu, nenda zako.
Siku ukipita Gikomba
nitafutie kiatu cha kushoto, thelathini na tisa.
Kimoja tu. Cha kulia ninacho.