Ingiza Disketi ya Pili

Mashine ilifika kwetu Katuba ndani ya gunia la unga,
mwaka ule wazungu wa kampuni walipoondoka bila kukunja mapazia.
Baba, aliyekuwa akiwakatia majani, alipewa hiyo
badala ya mshahara wa miezi miwili.
Mama aliuliza inapika nini.

Kilobaiti sitini na nne. Mbuyamba alinieleza
huku akichora vumbini kwa kijiti:
“Ni kama chumba chenu. Asubuhi meza inaingia,
usiku meza inatoka, mikeka inaingia.
Vyote pamoja haviwezi.”
Nikaelewa. Sisi tulikuwa tisa.

Mchezo ulikuwa wa ngome, milango arobaini,
disketi mbili nyeusi, laini, za kushikwa pembeni tu.
Ukiingia ukumbini, jiko linafutika;
ukirudi jikoni, yule mbwa uliyemuua jana
yuko mlangoni, mzima, hakukumbuki.
Mashine ilikohoa ikisoma, krr, krr,
nasi tukingoja, tukitafuna karanga,
tukiomba umeme usikatike kabla ya daraja.
Ukikatika, ndiyo basi. Mlango wa kwanza tena.

Tuligawana: moja kwangu, moja kwake,
ili mtu asivuke daraja peke yake.
Ya pili aliilaza ndani ya daftari la hesabu,
mbali na redio ya baba yake, kwa kuogopa sumaku.

Kisha yakaja maneno. Kwanza bombani, kwenye foleni ya ndoo,
halafu shuleni, halafu
vinywani mwa watu waliokula bukari kwetu.
Nani wa hapa. Nani si wa hapa.
Mbuyamba alizaliwa wodi ileile niliyozaliwa mimi,
na Kiswahili alinishinda.
Kwao walitoa meza nje. Wakatoa mikeka.
Hakuna kilichoingia.

Nilimwona stesheni, juu ya mizigo, treni ya kwenda Mwene-Ditu,
daftari kwapani.
Nilitaka kupaza sauti, lakini niseme nini?
Nirudishie disketi?
Nikapunga mkono. Naye akapunga.
Labda hakuwa akinipungia mimi.

Leo mfukoni nina simu
yenye nafasi ya kumeza ngome ile mara laki moja.
Haina namba yake.

Jioni ile umeme ulikuwepo, tele, kama dhihaka.
Nilifika darajani. Chini yake maji ya kijani
yalisimama, kila tone mahali pake.
Skrini ikaandika, kwa Kifaransa cha adabu:
tafadhali, ingiza disketi ya pili.
Nikaitazama. Ikanitazama.
Mama akaja na mikeka mabegani,
akasema zima hicho kitu, watoto walale.

Nikamwambia ngoja kidogo, Mama.
Bado inasoma.