Rangi ya Mlango

Meneja wa chai alipofunga virago
alimwachia baba Datsun ya milango miwili
badala ya mishahara ya miezi kumi na mmoja.
Mama hakugomba. Alilipima pua kwa shubiri,
pua ndefu ile, saba na nusu,
akauliza linaungwa kwa karanga au kwa maziwa.

Ndiyo bei ya kwanza ninayoijua.

Ya pili ilikuwa mabati ishirini na mawili,
kutoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa Uyole,
mizani begani, sigara sikioni.
Baba akamwambia: hiki hakijachakaa, kimekaa tu.
Ya tatu, ng'ombe na ndama wake,
Katekista Mwangwale alitaka injini ya kusagia mahindi.
Halafu miaka mingi hapakuwa na bei.
Palikuwa na mvua.

Mvua ya Tukuyu haijui likizo.
Iliingia fenda moja baada ya nyingine
na baba kila Krismasi aliikwangua kutu
akapaka rangi iliyobaki ya mlango wetu,
bluu nzito, kwa brashi iliyonyonyoka,
hata leo ukilipapasa ubavuni
utazikuta nywele za brashi zimelala humo.

Jumamosi hii wamekuja na hema.
Dalali Kasebele, koti la harusi juu, buti za shamba chini.
Wageni watatu; wawili simu sikioni,
wanamnunulia mtu aliye mbali
ambaye hatajua kwamba hapa kuna ukungu.
Walilala matopeni, wakamulika tumbo la gari kama wakunga.
Wakasoma namba ya chasisi.
Wakasoma namba ya injini.
Zikafanana, nao wakajitia kutofurahi.

"Haya yalikuwa magari ya ndoto za vijana," mmoja alinieleza.
"Vijana wale sasa ni wazee wenye fedha,
ndiyo maana yamepanda.
Wakifa yatashuka. Uza leo, mama Tusekile."

Nikauliza: na rangi?
Akacheka kwa adabu.
Lilizaliwa la chungwa, akasema.
Hata lingechunika, hata lingebakiwa na kiraka kimoja
cha rangi ya kiwandani, chenye kutu yake,
ningekuongezea milioni thelathini.
Lakini hili limepakwa. Limepakwa sana.

Nikahesabu Krismasi za baba.
Thelathini na moja.
Basi kila Krismasi aliniharibia milioni,
na moja aliipaka bure.

"Arobaini! Arobaini na tano kwa bwana wa miwani!"
Kuku wangu kishungi alikuwa amelalia mayai
kwenye kiti cha dereva.
"Linauzwa na abiria wake?" Kasebele akauliza,
watu wakaangua kicheko, bei ikasimama kidogo,
nikambeba, nikayakusanya mayai kwenye kanga,
tisa, ya moto.
Nyuma yangu ikapanda tena: hamsini na nane. Sitini.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Nyundo yake ilikuwa mchi wa kutwangia vitunguu saumu.
Sitini na nane.

Sijawahi kushika hata sita.

Kabla ya kulipandisha kwenye lori
mwenye miwani alikishika kirungu cha gia,
kile baba alichokichonga kwa mti wa mparachichi,
akakizungusha mara tano, kikatoka.
"Hiki si chake," akanipa.
Nikakipokea kwa mikono miwili
kama unavyopokea chenji kwa mkubwa.
Kilikuwa laini upande mmoja, upande wa kiganja.

Lori lilipotea kwenye kona ya migomba.
Nimesikia watalichuna wiki hii hii,
kwa dawa, mpaka chuma cheupe.
Mlango wetu sikuuangalia nilipoufungua.

Jioni kuku alirudi.
Akazunguka doa la oili, akalidonoa, akalikataa,
akazunguka tena,
kisha akakaa katikati yake
uso ukielekea barabarani.