Rudi Jumanne

Miaka tisa nilikaa dirisha namba tatu,
ofisi ya bili za maji, mjini Arua,
kwenye kiti chenye tundu la sifongo pembeni
nililolichimba mwenyewe kwa kidole, taratibu,
kama panya anayelipwa mshahara.

Sentensi niliyoijua kuliko sala:
"Rudi Jumanne."
Niliwaambia walimu, wauza samaki, katekista mmoja.
Ezaru nilimwambia mara nne,
mita yake ikisoma maji ya hospitali nzima
ilhali yeye ana bomba moja, mashine moja
na wasichana wawili wanaokaanga karanga.
Mara ya tano hakusema neno.
Aliweka kopo dirishani, akaondoka.

Nililamba kijiko kimoja, cha karanga na ufuta.
Nikatazama saa: tano kasoro.
Nikatazama kalenda,
nikaziona Jumanne zimejipanga hadi uzeeni kwangu.

Nilipoaga, mkubwa alinipa mkono na kalamu ya wino.
Mama aliuliza, "Umeiba ngapi?"
Shemeji alishusha sauti kama tuko matangani.
Haiwaingii watu akilini
kwamba mtu ataondoka kivulini
akaufuata moto kwa hiari yake.

Karakana ni mabati tu, kando ya njia ya Ediofe,
kikaango upana wa gurudumu la lori,
mashine inayokohoa kwanza ndipo iitikie.
Wiki ya kwanza niliunguza nusu gunia.
Ezaru hakupiga kelele. Alinikata mshahara,
kisha akanionyesha: karanga hazitazamwi, zinasikilizwa.
Zikiacha kupasuka, zikaanza kunong'ona, epua.
Mimi niliyesikiliza watu miaka tisa bila kusikia,
nikafundishwa masikio na karanga.

Wananiita Bwana Maji.
Driwaru, anayebandika lebo, hucheka
nikikunja mikono ya shati sawasawa, mara mbili,
kana kwamba kuna mkaguzi.
Tulikuwa wanne. Sasa saba.
Makopo mia kwa wiki, mia tatu, kisha ghafla sabini,
maana umeme ulipotea siku sita
na jenereta ilikunywa faida
kama mlevi aliyeachiwa baa.
Mwezi ule nusu ya mshahara ilikuja kwa pesa,
nusu kwa makopo.

Usiniulize kama nilijuta. Nilijuta,
usiku, nikihesabu ada ya mtoto kwa vidole,
nikiikumbuka tarehe ishirini na nane
isiyowahi kuchelewa.
Asubuhi Koboko wakapiga simu:
katoni ishirini, na safari hii lebo zinyooke.
Tukapiga vigelegele kama kuna aliyejifungua.

Juzi bomba limekauka. Bili ni ileile ya hospitali.
"Bwana Maji," akasema Ezaru, "huko ni kwenu."
Nikapanga foleni, ufuta umenijaa kwenye kucha,
saa mbili nzima nyuma ya mama na mtoto mwenye kikohozi.
Dirisha namba tatu: kijana mgeni,
shati limepigwa pasi, mkono mmoja chini pembeni,
kidole kinachimba. Nililijua lile tundu.
Hakuinua uso.
"Rudi Jumanne."

Nimtukane nani?
Nikamwambia makopo hayajaoshwa,
kwamba mzigo wa Koboko unatoka kesho,
kwamba nitangoja hapa hapa.
Nikakaa kwenye benchi. Mtoto akakohoa.
Miaka tisa, na sikuwahi kuliona dirisha lile
kutoka upande huu:
kioo kina ufa,
na mtu wa ndani anaonekana mdogo sana.